Tovuti ya Makumbusho na Mtafutaji Aliyeko Mtae



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuunda upya tovuti ya makumbusho yetu. Wengi wetu tukisikia hivyo tunawaza rangi, picha kubwa na saa za kufungua. Mimi nataka kukipigania kisanduku cha kutafutia. Mtu wa Mtae, huku kwetu Usambara, akiandika jina la kwao, apate vitu vya kwao.

Vitu hivyo vipo. Karl Braun, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, alifanya kazi Amani, katika Usambara ya Mashariki, kuanzia 1904 hadi 1920. Vitu takribani 600 alivyokusanya viko leo katika makumbusho ya mji wa Stade, kaskazini mwa Ujerumani. Mradi wa pamoja na wataalamu wa Tanzania umeviweka mtandaoni, na Kiswahili kimo. Berlin nako kuna maelfu ya vitu kutoka Tanzania, kwa kuwa tangu 1889 vilivyokusanywa na misafara ya serikali ya Ujerumani vilipaswa kufikishwa kwanza huko.

Sasa kijana wa hapa, akitafuta vitu hivyo, aandike "Lushoto". Katika kumbukumbu za Wajerumani mji huo ni Wilhelmstal. Mlalo imeandikwa Hohenfriedeberg, jina la kituo cha misheni kilichoanzishwa 1891. Vugha, makao ya mfalme wa Washambaa Kimweri ye Nyumbai, imekuwa Wuga, na Washambaa wamekuwa Waschambaa. Kompyuta hulinganisha herufi tu. Isipofundishwa kwamba kila jozi ya majina haya ni kitu kimoja, itajibu kuwa hakuna kilichopatikana, na kijana ataamini kwamba babu zake hawakuacha kitu. Hilo linaniuma kuliko ubovu wowote wa rangi au mpangilio.

Dawa yake si ghali. Kila mahali papewe namba moja katika hifadhidata, kisha majina yote, ya zamani na ya sasa, yafungwe kwenye namba hiyo. Jina la kikoloni lisifutwe, maana linatuonesha kitu kilipita mikononi mwa nani. Pawepo pia nafasi ya jina la Kishambaa, nayo ijazwe na wanaokijua chombo. Mama mfinyanzi akitazama picha ya chungu anaweza kutueleza udongo wake, moto wake na chakula kilichopikwa humo, wakati kadi ya makumbusho inataja urefu na upana. Arekodiwe akisema kwa Kishambaa, na sauti yake ikae kando ya picha. Jambo hili linawezekana: tovuti ya Digital Benin, iliyozinduliwa Novemba 2022, imekusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya 5,000 vya ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, kutoka taasisi 131 za nchi 20, na majina ya Kiedo, lugha ya wenyeji wa huko, yamo.

Tuwe waangalifu na vitu vya tambiko. Si kila kitu ni cha kuoneshwa kwa kila mtu, na anayejua mpaka huo ni mzee wa ukoo, si fundi wa tovuti. Wawarumungu, wenyeji asilia wa Australia, walishiriki kuunda programu ya Mukurtu, ambayo inaiachia jamii yenyewe kuamua nani aone nini. Ningependa tuianze kazi yetu kwa kuwauliza wazee, kabla ya kupiga picha hata moja.

Kuhusu wageni nitasema machache. Tovuti ifunguke kwenye simu yenye bando dogo: picha ndogo itangulie, kubwa ije kwa anayeitaka. Kiingilio kiandikwe kwa shilingi, na hali ya barabara ya mlimani wakati wa masika isemwe kweli.

La mwisho ni mkataba. Tovuti nyingi za miradi hufa fedha za wafadhili zinapokwisha, na kazi yote hupotea nazo. Kwa hiyo tusitie saini mpaka mkataba useme wazi kwamba data ni mali ya makumbusho, kwamba nakala kamili inakaa Tanzania katika muundo ambao fundi mwingine ataweza kuufungua, na kwamba sauti za wazee wa Mtae hazitatumiwa kwingine bila ridhaa yao. Ada ya kila mwaka ya tovuti iingizwe katika bajeti ya kawaida ya makumbusho, pamoja na umeme na maji.