Wakili wa Miliki Ubunifu na Ushindani: Kazi Yake Mahakamani na Njia ya Kuifikia
Mada ya semina, Kiriri, Bujumbura

Wakili wa miliki ubunifu na ushindani hufanya kazi inayoonekana kujipinga. Leo anaiomba mahakama imlinde mwenye hataza au alama ya biashara dhidi ya wanaomwiga. Kesho anaisimamia kesi dhidi ya kampuni iliyowafungia wenzake mlango wa soko. Sheria huuvumilia ukiritimba wa kwanza kwa kuwa una mipaka: hataza hudumu miaka 20, kisha uvumbuzi huwa mali ya kila mtu. Ukiritimba wa pili hauna tarehe ya kwisha. Kesi nzito huzuka pale mwenye haki halali anapoitumia kupata kisichokuwa chake.

Burundi haina upungufu wa sheria zilizoandikwa. Iliingia katika Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda mwaka 1977, na katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 2016. Sheria yake ya hakimiliki ni ya mwaka 2005, ya mali ya viwanda ya 2009, na ya ushindani ya 2010. Lakini kesi za aina hii mara chache huamuliwa na kifungu cha sheria. Huamuliwa na ushahidi, na hapo ndipo wakili hodari anapojitenga na wengine.

Chukua duka la vipuri Buyenzi. Maboksi mawili ya filta za mafuta yako kaunta, rangi moja, maandishi yaleyale. Wakili wa mwenye alama hatosheki na kusema yanafanana. Ananunua yote mawili mbele ya shahidi, anachukua risiti, anafungua. Analinganisha namba ya kundi iliyochapwa kwenye boksi na ile iliyogongwa kwenye bati la filta, anatazama gundi na tahajia ya jina la nchi ilikotengenezwa. Kisha anafuatilia nani aliingiza mzigo, kwa hati zipi za forodha. Asipofanya hivyo, mwenye duka atajibu kwamba naye alinunua kwa nia njema, na jibu hilo mara nyingi ni la kweli.

Katika ushindani swali la kwanza ni gumu zaidi: soko lenyewe ni lipi? Brarudi, iliyoanzishwa mwaka 1955, ina Heineken kama mwanahisa mkuu na serikali kama mbia, na miongoni mwa bia zake ni Primus na Amstel. Tuchukulie, kwa zoezi tu, kwamba mshindani analalamika juu yake. Mlalamikaji atadai kuwa soko ni la bia ya chupa, na fungu la kampuni litaonekana kubwa mno. Mtetezi atasema soko ni la vinywaji vya kulevya vyote, na ataiingiza urwarwa inayotengenezwa vijijini kwa ndizi. Nani yuko sahihi? Jibu halitoki kwenye kamusi. Linatafutwa katika bei: bia ikipanda kidogo, wanywaji wangapi wanahamia urwarwa? Wakili asiyeweza kumhoji mchumi juu ya jedwali lake hana la kufanya katika kesi hiyo.

Tanzania imetoa mfano ambao kila anayeanza kazi hii anapaswa kuusoma. Kampuni ya Scancem, ambayo tayari ilikuwa na saruji ya Twiga, ilitaka kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, watengenezaji wa saruji ya Simba. Tume ya Ushindani iliidhinisha mwaka 2022. Wapinzani wakakata rufaa, na Septemba mwaka huohuo Baraza la Ushindani likaifuta idhini, kwa kuwa kampuni hizo mbili zikiungana zingevuka asilimia 35 ya soko, kiwango ambacho sheria ya nchi hiyo wakati huo ilikihesabu kuwa ni utawala wa soko. Maombi mapya yakapelekwa, idhini ikapatikana, na mwaka 2024 hisa zikaishia kwa Amsons Group, kampuni ya Kitanzania. Ugomvi wote huo wa mabilioni ulizunguka namba moja na namna ya kuihesabu.

Nyanja hizi mbili zinagusana kwa nguvu zaidi katika dawa. Mwaka 2002 Waafrika Kusini waliokuwa wakiishi na VVU, pamoja na watetezi wao, walizilalamikia GlaxoSmithKline na Boehringer Ingelheim mbele ya Tume ya Ushindani ya nchi yao. Hawakubisha kwamba hataza zilikuwa halali. Walidai kuwa bei ilikuwa ya kupindukia. Mwaka uliofuata Tume ilikubaliana nao, na kabla shauri halijasikilizwa kampuni zikakubali kutoa leseni kwa watengenezaji wa dawa za bei nafuu. Nairobi mlango ulikuwa mwingine. Watu watatu wanaoishi na VVU walipinga Sheria ya Kuzuia Bidhaa Bandia ya 2008, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba tafsiri ya bidhaa bandia ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzinasa dawa halali zisizo na jina la kampuni asilia, na hivyo kutishia haki ya kuishi. Katika kesi zote mbili ushindi ulianza na uchaguzi wa mlango wa kuingilia.

Marekani, yenye sheria ya kupinga ukiritimba tangu 1890, inaonyesha jinsi maisha ya kazi hii yanavyoweza kwenda. David Boies alijijengea jina akiitetea IBM katika kesi za ukiritimba. Mwaka 1998 akawa upande wa serikali dhidi ya Microsoft, na mahojiano yake na Bill Gates yaliyorekodiwa kwa video yaliiumiza kampuni: Gates alibishia hata maneno ya kawaida huku barua pepe zake mwenyewe zikisomwa. Mwaka 2012 Boies alikuwa tena mahakamani, safari hii kwa Oracle iliyodai hakimiliki dhidi ya Google. Kesi ilimalizika Mahakama ya Juu mwaka 2021 kwa ushindi wa Google. Kubadili upande namna hii si usaliti. Anayejua jinsi mtetezi anavyojificha ndiye anayejua pa kumtafuta.

Kijana wa Bujumbura hawezi kuiga njia hiyo moja kwa moja. Anasomeshwa sheria kwa Kifaransa, katika mapokeo ya Kibelgiji ambamo hoja za maandishi hubeba sehemu kubwa ya kesi, kisha anaingia uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Dar es Salaam, Kampala na Nairobi, shahidi huhojiwa kwa mdomo mbele ya jaji, na katika miji miwili ya mwisho kwa Kiingereza. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha. Tume ya Ushindani ya COMESA, iliyoanza kazi mwaka 2013, iko Lilongwe, na muunganiko wa kampuni unaoigusa Burundi na nchi nyingine mwanachama unaweza kuamuliwa huko. Kwa hiyo Kiingereza cha kuhojia shahidi, hesabu za uchumi na mwaka mmoja au miwili katika ofisi ya mawakili ya nchi jirani vina faida kuliko shahada ya tatu iliyosomwa kwa vitabu tu.

Muda nao unahesabika. Burundi, maadamu iko katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, imesamehewa na Shirika la Biashara Duniani kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa miliki ubunifu hadi tarehe 1 Julai 2034, na hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Anayeanza mwaka wa kwanza wa sheria leo atakuwa ameshavaa joho siku hizo zikifika.