Sikio bovu la Kaizari

(Maelezo niliyoyatoa mbele ya vijana wenzangu mjini Babati, baada ya kumaliza kuisoma kwa zamu tamthilia ya Juliasi Kaizari.)



Mimi si profesa. Niliishia kidato cha nne, na kazi yangu ni kuuza habari moja moja magazetini. Wiki nisiyoandika, sili. Kwa hiyo nitasema kama tunavyosema pale stendi tukisubiri mabasi ya Singida na Arusha.

Tulipokuwa tunasoma, mmoja wenu alicheka akauliza: huyu Kaizari mgonjwa mgonjwa aliwatishaje Warumi? Mwingine akamkata kauli: mkuu wa nchi hasemwi hivyo. Nimekuja kuwajibu wote wawili, maana wote wamekosea.

Tuanze na tulichosoma. Kaizari ametoka vitani mshindi, mji mzima uko barabarani kumshangilia. Katikati ya shamrashamra hizo anamwambia Antony apite upande wake wa kulia, kwa kuwa sikio la kushoto halisikii. Ana kifafa, na siku anapokataa taji mara tatu anaanguka sokoni, povu mdomoni. Mkewe Calpurnia hajapata mtoto, na jambo hilo linamuuma mzee. Cassius naye anaongeza yake: kwamba Kaizari alitaka kuzama mto Tiber akapiga kelele aokolewe, na kwamba homa ilipompata Hispania alilia maji kama mtoto.

Basi Cassius anauliza, mtu wa namna hii atutawale kwa lipi? Hoja hiyo ni danganya toto. Nani kati yetu hapa hajatetemeka kwa malaria akamwita mama yake? Homa si dhambi, wala sikio bovu si kosa la jinai.

Kosa la Kaizari liko kwingine. Asubuhi ile ya Machi mkewe anamsihi asitoke, ameota ndoto mbaya. Kaizari anakubali kubaki nyumbani. Hapo ni mume anayemsikiliza mke, binadamu anayejua kwamba mwili wake unapenya kisu. Ndipo anapoingia mpambe, Decius. Anaigeuza ndoto iwe ya heri, anamnong'oneza kwamba Baraza litampa taji leo, na kwamba akibaki watamcheka kuwa anaogopa ndoto za mkewe. Mzee anavaa joho lake anatoka. Njiani anapewa barua ya kumwonya, haisomi. Ndani ya Baraza anajifananisha na nyota ya kaskazini, ile isiyohama. Muda mfupi baadaye yuko sakafuni, damu inamtoka. Sikio la kufa halisikii dawa, nalo sikio hilo lilizibwa na wapambe.

Na wale waliomuua? Brutus ni mtu mwadilifu, lakini akiwa peke yake usiku anakiri kwamba hana kosa la kumshika nalo Kaizari. Anamuua kwa kile anachoweza kuwa kesho. Kilichofuata mmekisoma: kundi la watu wenye hasira linamrarua mshairi Cinna kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Nje ya tamthilia, historia inatuambia Kaizari aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, na mwaka 27 mtoto wake wa kupanga akawa Augusto, mtawala wa kwanza wa himaya. Walichinja mtu mmoja ili wasiwe na mfalme, wakaletewa wafalme wa karne nzima na zaidi.

Sasa turudi nyumbani. Aliyetutafsiria kitabu hiki ni Julius mwingine, Mwalimu Nyerere, mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka 1963, akiwa Rais. Mwaka mmoja kabla yake nchi ilikuwa imepitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Mwezi Januari 1964 askari wakaasi Dar es Salaam, na Rais wetu akajificha kwa muda. Kisha akawaita askari wa Uingereza, wakoloni wale wale wa jana, waje kuzima maasi.

Wapo wasiotaka yasemwe hayo, kana kwamba Mwalimu atapungua. Wapo pia wanaoyasema kwa kumzomea. Mimi nasema aliyejificha Januari 1964 alikuwa mtu, na mtu huogopa. Aliyeitumia sheria ya kizuizini naye ni yule yule, na lile tuna haki ya kumhoji mpaka leo. Na aliyeng'atuka 1985 kwa miguu yake mwenyewe ni huyo huyo, jambo ambalo Kaizari hakulijua. Huwezi kuchukua kipande kimoja ukatupa vingine.

Ndiyo maana mabadiliko ya Katiba ya 1984 yaliyoweka ukomo wa vipindi viwili vya urais yana maana kwetu walalahoi. Sheria ile inajua kwamba anayekaa Ikulu ana masikio mawili tu, na lolote kati yake linaweza kuziba. Malaika hawekewi ukomo.

Namalizia na sisi wenyewe, tena wa upinzani. Kwenye mikutano tunawabeba viongozi wetu mabegani, tunaimba majina yao mpaka sauti zinakauka. Akiulizwa swali la hesabu za chama, muulizaji anaitwa msaliti. Tukifanya hivyo tunafanya kazi ya Decius bila malipo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kiongozi wako akija Babati mpigie makofi ukipenda. Lakini simama upande wa sikio lake linalosikia, umwambie lililo kweli.