Jasho la Miaka Thelathini
(Mazungumzo na wanakisomo wa Amani)



Leo tuzungumze habari za ndoa inayovunjika uzeeni. Mume na mke wameishi pamoja miaka thelathini. Wamepanda iliki na karafuu. Mke amekata majani ya ng'ombe, amechota maji, amezaa na kulea. Siku ya talaka anaambiwa: "Shamba si lako. Chukua nguo zako urudi kwa kaka yako." Je, ni haki hiyo?

Sivyo, ndugu zetu. Tunayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ndani yake mna mambo mawili, tusiyachanganye.

La kwanza ni kugawana mali iliyochumwa pamoja. Mahakama hutazama kila mmoja ametoa nini: fedha, mali au kazi. Je, kupika na kulea ni kazi? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema ndiyo, kazi ya nyumbani ni mchango. Hata shamba la mume la kabla ya ndoa, likiwa limeendelezwa sana kwa jasho la wote wawili, huingia katika hesabu.

La pili ni matunzo. Wengi wetu hudhani kila mke aliyeachwa atalishwa na mumewe wa zamani mpaka kufa. Hapana. Baada ya talaka, mahakama huamuru matunzo ikiona sababu maalumu. Hutazama uwezo wa mume, shida za mke, nani amevunja ndoa, na mila zao. Mke akiolewa tena, matunzo hukoma. Na akina baba, sikilizeni: mume asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au kuumia, naye aweza kutunzwa na mke mwenye uwezo.

Basi tufanyeje? Kwanza twende kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Likishindwa kutupatanisha, litatoa hati. Hati hiyo tuipeleke Mahakama ya Mwanzo. Huko tusidai talaka tu tukanyamaza. Tutaje na mali, tutaje na matunzo.

Sisi tunajua kusoma na kuandika. Tuandike shamba lilinunuliwa mwaka gani, na ng'ombe kwa fedha za nani. Cheti cha ndoa tukiweke pakavu. Na ukiletewa karatasi inayosema huna dai lolote, isome yote kwanza. Usitie dole gumba.