Atanguliaye Kuvunja



Wapendwa wasikilizaji, katika sura ya 2 ya kitabu chake, nabii Mika anatuonyesha kundi la kondoo waliokusanywa zizini. Mbele ya kundi anakwea mmoja ambaye kazi yake ni kubomoa. Akiisha kuuvunja ukuta, wote hupita langoni nyuma yake, na Bwana mwenyewe yuko mbele yao. Nabii angeweza kumwita huyo shujaa au jemadari. Yeye amemwita kwa kazi yake: mvunjaji. Leo napenda tumtafakari mvunjaji huyo, kwa sababu katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti iko njia isiyopitika bila yeye.

Sisi wa mkoa wa Mara twaijua barafu kidogo tu. Twaiona katika mvua ya mawe inapopiga mahindi yetu, na kabla ya adhuhuri imekwisha kuyeyuka. Lakini huko kwenye Ncha ya Kusini ya dunia, bahari yenyewe huganda. Wakati wa majira ya baridi maji hugeuka kuwa sakafu nene, na meli iliyochelewa kuondoka hushikwa kama nzi katika asali. Wataalamu hukaa huko wakichunguza hali ya hewa, bahari, na barafu ya kale. Chakula chao, mafuta yao na safari yao ya kurudi nyumbani vyote hutegemea meli za kuvunja barafu.

Mojawapo ni meli ya Jeshi la Wanamaji la Argentina iitwayo Almirante Irízar. Ilijengwa nchini Finland, ikaanza kazi mwaka 1978. Jina lake ni la afisa Julián Irízar, ambaye mwaka 1903 aliongoza meli ndogo iitwayo Uruguay kwenda kuwaokoa watafiti wa msafara wa Msweden Otto Nordenskjöld. Meli yao ilikuwa imebanwa na barafu hata ikazama, nao walikuwa wametawanyika mahali mbalimbali, wengine wakiishi katika vibanda vya mawe. Irízar aliwafikia, akawarudisha.

Sasa sikilizeni jinsi meli ya namna hii inavyofanya kazi. Wengi wetu tungedhani kwamba huikata barafu kama panga likatavyo mti. Sivyo. Omo yake, yaani sehemu yake ya mbele, imeundwa kwa mteremko. Meli husukumwa na mitambo yake hata ikapanda juu ya barafu, na uzito wake wenyewe ndio unaoivunja barafu ile. Hurudi nyuma, ikapanda tena, ikavunja tena. Mvunjaji havunji kwa makali. Huvunja kwa kujitwika mwenyewe juu ya kile kinachozuia njia.

Tena liko jambo la pili. Njia iliyofunguliwa barafuni haidumu. Vipande huelea na kukusanyika tena, baridi huviunganisha, na baada ya muda mfupi yule aliyechelewa hukuta ukuta ule ule. Kwa hiyo meli inayofuata sharti ifuate kwa karibu, na ile inayotangulia sharti iangalie nyuma mara kwa mara. Kutangulia mbali sana na kuwaacha wenzako si kuwafungulia njia; ni kupita peke yako.

Mwaka 2002 jambo hili lilionekana wazi. Meli iitwayo Magdalena Oldendorff, iliyokuwa ikiwarudisha nyumbani watafiti wa Urusi, ilinaswa na barafu katikati ya majira ya baridi, watu zaidi ya 100 wakiwa ndani. Meli ya Afrika ya Kusini, Agulhas, ilikaribia kadiri ilivyoweza, na helikopta zake zikawatoa wengi wao. Almirante Irízar ikasafiri katika giza la majira yale, ikaifikia meli iliyonaswa, ikaipa mahitaji yake. Barafu ilikuwa nzito mno hata haikuweza kuitoa mpaka kwenye bahari iliyo wazi. Basi ile meli ikangoja katika ghuba yenye kinga hata baridi ilipopungua. Je, tuseme kwamba msaada ule ulishindwa? Hata kidogo! Aliyenaswa alijua kwamba hakusahauliwa, na watu waliokolewa.

Wapendwa, barafu yetu ni ipi? Naisema kwa jina lake bila kuzungukazunguka: ni ukeketaji wa mabinti. Kila unapokaribia mwezi wa Desemba, viko vijiji vyetu ambamo wasichana hulala wakisikiliza nyayo nje ya mlango. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 nchini wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 10 walikuwa wamekeketwa. Katika mkoa wetu wa Mara walikuwa 32. Kuna waliovuja damu hadi kufa. Kuna walioumia katika uzazi maisha yao yote. Na wako wengi walioondolewa shuleni mara tu baada ya sherehe, wakaozwa kwa ng'ombe.

Barafu si kitu kigeni kwa bahari. Ni maji yale yale yaliyogandishwa na baridi. Ndivyo zilivyo mila zetu. Wazee wetu walitaka kijana avuke kutoka utotoni hadi utu uzima akiwa na mafundisho, heshima na wenzake wa rika moja. Hayo ni maji mazuri, na sitawaambieni myamwage. Lakini hofu imeyagandisha. Baba anahofu kuchekwa kilabuni. Mama anahofu binti yake kupewa majina ya dhihaka kisimani. Wote wawili wanahofu kwamba hataolewa. Hofu ya nyumba moja hushikamana na hofu ya nyumba ya jirani, mpaka kijiji kizima kinakuwa sakafu ngumu, na hakuna anayekumbuka kwamba chini yake kuna maji.

Wavunjaji wamekwisha kutokea, na wengi wao ni watoto. Ni msichana aliyetoka usiku kwa miguu, akapita mashamba ya mihogo, akafika nyumba ya hifadhi asiyoijua ila kwa kusikia habari zake. Nyumba kama hizo zimefunguliwa Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti. Huko mabinti hupewa ulinzi, hufundishwa, na wengine hufanyiwa sherehe ya kuvuka rika bila mtu kuguswa na kisu. Lakini tumtazame msichana yule kwa macho ya haki. Mwili wake ni mdogo, na ameutwika juu ya barafu ya ukoo mzima. Msimu ukiisha atatamani kurudi nyumbani, kwa maana hakumkimbia mama yake, alikikimbia kisu. Akirudi na kuikuta njia imekwisha kuganda nyuma yake, amefungua nini? Mdogo wake atapita wapi?

Kwa hiyo nasema nanyi mlio na uzito. Ewe baba, uzito wako ni neno lako mbele ya ndugu zako. Siku utakapotamka kwamba binti zako hawatakeketwa, na kwamba wako nyumbani kwako kwa heshima, utakuwa umepanda juu ya barafu. Huenda isipasuke siku ile. Rudi nyuma, upande tena. Ewe mama, ulishike neno hilo hata mkwe na wifi wakikulaumu, kwa maana wewe unayajua maumivu ambayo wengine huyasikia kwa habari tu. Enyi wazee wa mila, watu huwasikilizeni ninyi kuliko wanavyonisikiliza mimi. Wafundisheni vijana yote mema mliyopokea, mkiacha kisu. Nanyi vijana wa kiume, hofu yote hii imejengwa juu yenu: ati hamtawataka wasiokeketwa. Semeni hadharani kwamba mtawaoa. Neno hilo moja kutoka kinywani mwa kijana anayetafuta mchumba lina uzito kuliko mahubiri kumi.

Nasi tulio Kanisa, tusikae ufukoni tukiwapongeza wanaotangulia. Mkono mmoja haulei mwana. Tumsindikize binti anaporudi nyumbani, tumtembelee, tumlipie daftari na sare, tukae na wazazi wake bila kuwatukana. Tukiwafuata wavunjaji kwa karibu, njia itabaki wazi hata wanyonge wapite.

Mwaka 2007 Almirante Irízar, ikirudi kutoka kusini, ilishika moto usiku baharini. Watu zaidi ya 200 waliteremshwa katika maboya ya kuokolea, wakachukuliwa na meli nyingine, hakuna aliyekufa. Nahodha Guillermo Tarapow alibaki melini. Meli ile ilitengenezwa kwa miaka mingi, na mwaka 2017 ikarudi kazini. Avunjaye njia huumia, wala tusimdanganye mtu kwamba haumii.

Naye Mvunjaji mkuu aliumia kuliko wote. Waraka kwa Waebrania humwita Yesu mtangulizi wetu, aliyeingia mbele kwa ajili yetu. Hakukivunja kifo kwa upanga. Alijitwika mwenyewe juu yake kwa uzito wote wa upendo wake, msalabani, na siku ya tatu mlango ukawa wazi. Wala hakupita peke yake akatuacha. Anageuka kutazama nyuma, ahesabu kundi lake, aulize: yuko wapi yule mdogo?

Tuombe. Ee Bwana uliyetutangulia, uwape nguvu mabinti wa Tarime na Serengeti wanaoukimbia usiku. Uyeyushe hofu ya wazazi wao. Utupe sisi moyo wa kufuata kwa karibu, njia isije ikafungwa kwa uvivu wetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.