Ngoma, Muziki wa Kufoka na Picha: Nani Amfuate Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimepewa dakika kumi kwa mada ambayo ingetosha juma zima. Vijana wa kikundi cha sanaa wanatayarisha onyesho ambamo wachezaji wa ngoma, waimbaji wa muziki wa kufoka, wapiga picha za video na mafundi wa taa watafanya kazi pamoja katika jukwaa moja. Wameniuliza kama jambo la namna hiyo limewahi kufanyika kwetu. Jibu langu ni kwamba limefanyika, tena hapa hapa Arusha.

Afrika Mashariki haikuanza jana kuchanganya sanaa. Kule Kampala marehemu Robert Serumaga alitoa mchezo wa Renga Moi mwaka 1972, na humo ngoma, nyimbo na lugha mbalimbali za Uganda vilibeba hadithi pamoja na maneno ya waigizaji. Hapa kwetu Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa 1981 na ambacho tangu 2007 ni Taasisi, kimewafundisha vijana ngoma, maigizo, muziki na sarakasi chini ya paa moja. Lakini hayo ni ya vyuoni. Mimi nataka kusema juu ya vijana wa mtaani.

Katikati ya miaka ya 1990 lilizaliwa hapa mjini kundi lililojiita X Plastaz. Muziki wa kufoka kwa Kiswahili ulikuwa bado mchanga. Saleh Jabri wa Dar es Salaam alikuwa ameanza kujulikana nao mwaka 1991 hivi. Vijana wa Arusha hawakutaka kuwa nakala ya Dar es Salaam, wala ya New York. Walimwingiza mwimbaji wa Kimasai, Yamat Ole Meipoko, akaimba kwa Kimaa pamoja na wenzake waliofoka kwa Kiswahili. Jukwaani waliongeza kucheza, sarakasi na kula moto. Mwaka 2004 albamu yao iitwayo Maasai Hip Hop ilitolewa na kampuni moja ya Ujerumani. Mwenzao, Faza Nelly, aliuawa mwaka 2006 hapa Arusha, na pigo lile liliwaumiza sana. Hata hivyo mwaka 2009 Gsan, mmoja wao, alifoka kwa Kiswahili katika tuzo za muziki huo za kituo cha televisheni cha BET huko Marekani.

Sasa wazee wenzangu, kumbukeni mji huu mwaka 1967 na 1968, wakati sisi tulipokuwa tukivaa kaptura za shule. Ilikuwapo kampeni ya Serikali ya kuwataka Wamasai waache lubega na rangi nyekundu ya udongo, wavae suruali na magauni. Mtu mwenye lubega aliweza kukataliwa hata kupanda basi. Naitaja kwa sababu mwimbaji anapopanda jukwaani na lubega lake, sisi wa umri huu tunaona zaidi ya vazi. Kijana wa leo anaona rangi nzuri tu, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza.

Maana zipo njia mbili za kumshirikisha Mmasai katika onyesho. Mojawapo ni kumsimamisha pembeni na fimbo yake, awe pambo, kama zile kadi zinazouzwa kwa watalii karibu na Mnara wa Saa. Ya pili ni kumwachia uongozi wa kitu fulani. Njia hii ni ngumu, nami nitaeleza ugumu wake ulipo.

Wimbo wa Kimasai hauna haja ya ngoma ya kupigwa. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, huanza, na wenzake humjibu kwa sauti nzito zitokazo kooni. Hizo koo ndizo ngoma yenyewe. Moran huingia katikati wakaruka, kisigino kisiguse chini, na sauti za kundi hupanda kadiri mrukaji anavyopanda. Kwa hiyo mwendo wa wimbo hutoka kwa watu. Muziki wa kufoka, kwa upande wake, mara nyingi hutegemea mashine, na mashine haimsubiri mtu apumue. Mkiiwasha mashine kwanza, olaranyani atageuka mtumishi wake. Mkianza na sauti yake, fundi atalazimika kuisikiliza, kuihesabu, na pengine kuizima mashine kabisa kwa dakika mbili tatu. Ningependa sana kuziona hizo dakika mbili.

Na kamera nayo ina ubishi wake. Mpiga picha humpenda mrukaji. Humweka yeye peke yake katika fremu, hewani, shuka likipepea, na kundi linalomrusha kwa sauti linakatwa nje ya picha. Picha zote za kuruka nilizoziona mahotelini zina kosa hilo moja. Nanyi mnao ukuta mzima wa kuonyeshea picha nyuma ya wachezaji! Basi mwacheni mrukaji aruke jukwaani kwa mwili wake, na ukutani tuonyesheni koo za waimbaji, kubwa kama mlango. Nendeni mkazipige picha wenyewe. Hata safari haihitajiki, kwa kuwa Waarusha walioko miteremkoni mwa Meru husema Kimaa kama Wamasai, ingawa wao hulima migomba na kahawa. (Ndugu zetu Wameru wasininunie, Kimeru ni lugha nyingine, na nyimbo zao zinastahili onyesho lao.)

Mwisho ni habari ya fedha, ambayo wasanii huionea haya mpaka siku wanapogombana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwimbaji na mchezaji, si mtunzi peke yake. Andikeni kwenye karatasi, kabla ya mazoezi ya kwanza, nani anapata nini kwenye mlango, na nani anapata nini video ikiuzwa au ikirushwa. Mzee atakayewafundisha nyimbo awekwe katika orodha hiyo kwa jina lake, juu, pamoja na mpiga picha. Msimpe soda na nauli mkadhani mmemaliza.

Mwalimu wa sanaa ameniambia kwamba mnacho kipaza sauti kimoja tu. Kikundi cha waimbaji wanane hakitatosha hapo. Mimi nitaleta viwili, na nyaya zake. Naona wenzangu wa darasa letu wanaangalia chini; nitapita kwao wakati wa chai.