Mbolea ya Serikali na Mwenye Kushika Jembe
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya mbolea ya bei nafuu itolewayo na Serikali. Jambo hili mwalijua, maana kila mwaka mvua za masika zikikaribia hatuna mazungumzo mengine.

Msaada wa Serikali kwa wakulima si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1942, wakati wa vita, walowezi walihakikishiwa kwa sheria malipo ya kiasi fulani kwa kila eka ya nafaka waliyopanda, hata mvua ikikosekana. Mwafrika aliyepanda mahindi yale yale hakuwamo katika hesabu, tena mahindi yake yalinunuliwa kwa bei ya chini. Sitaji haya ili kufukua chuki. Siku zile kila mtu alimjua aliyeachwa nje. Siku hizi hatumjui mpaka tumtafute.

Mwezi wa Septemba 2022 gunia la kilo 50 lilishushwa kutoka shilingi 6,500 hivi hadi 3,500, na mwaka 2023 likashushwa tena hadi 2,500. Hiyo ni neema, nasi tuliipokea kwa shukrani. Wakulima waliandikishwa kwa machifu na manaibu wao. Kila mmoja alitoa kitambulisho, namba ya simu na hesabu ya eka zake, kisha akangoja ujumbe wa simu umwambie aende ghalani.

Sasa, yuko mjane mmoja katika kijiji chetu, alimaye eka mbili. Shamba lingali kwa jina la marehemu mumewe. Siku ya kuandikishwa ilionekana vema liandikwe jina la mwanawe wa kwanza, afanyaye kazi Nairobi, kwa kuwa ndiye mrithi na ndiye mwenye simu. Ujumbe ulipofika ulifika Nairobi. Kijana yule si mbaya. Alidhani mama amekwisha pata habari kwa njia nyingine. Alipokuja nyumbani, mahindi yalikuwa yamefika magotini, tena ya manjano. Katika vitabu, shamba lile limekwisha andikiwa msaada.

Liko na jambo la safari. Magunia huhesabiwa kwa eka, basi mwenye eka ishirini hupata punguzo kubwa, na akikodi gari gharama humwelea. Mwenye gunia mbili hulipa nauli kwenda, hupanga foleni kutwa, pengine hurudi mikono mitupu, kesho hulipa nauli tena. Mwisho wake huona heri anunue kilo chache dukani kwa bei ya soko.

Wazee wangu, hapa naomba radhi, maana nitasema juu yetu sisi wenyewe. Msimu uliopita Chama hiki kilikodi lori kwa fedha za wanachama wote. Lori lilipojaa, magunia yaliyokuwa juu yake yalikuwa ya wanakamati, na yangu sita yalikuwamo. Wenye gunia moja moja waliambiwa wangoje safari ya pili, na safari ya pili haikuwako. Hapana aliyeiba. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nasi siku ile tulikuwa wenye shibe.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya mkutano huu. Kabla ya mwisho wa Januari, wanakamati wawili wawili wapite nyumba kwa nyumba, waulize ni nani alimaye kila shamba, wala si nani mwenye hati. Mama asiye na laini ya simu kwa jina lake asaidiwe kuipata, kisha apelekwe kwa naibu wa chifu. Na lori likikodiwa, magunia ya wenye eka chache yapakiwe kwanza. Yetu yangoje safari ya pili.

Daftari liko mezani kwa Bwana Katibu. Naomba kura ipigwe kabla ya chai.