Nia Njema Peke Yake Haitoshi



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo hili: kwa nini chama kimoja cha kusaidia watu hustawi na kingine hufa, hali vyote viwili vilianza kwa nia njema? Wengi hujibu upesi, "Fedha." Jibu hilo ni nusu ya kweli. Fedha ni mbegu, na mbegu hailimi shamba.

Tazameni Bangladesh. Mwaka 1972, baada ya vita vya uhuru wao, Bwana Fazle Hasan Abed aliuza nyumba yake ya London akaanzisha chama cha BRAC, kusaidia wakimbizi waliokuwa wakirudi makwao. Siku zile kuharisha kuliua watoto wengi mno. Dawa ilikuwa rahisi: maji, chumvi kidogo na sukari guru. Lakini ilimpasa mama ajue vipimo barabara, kwa maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto.

Kati ya 1980 na 1990 walimu wa BRAC, wanawake, walipita mlango kwa mlango, wakafikia nyumba zaidi ya milioni 12. Mwalimu hakulipwa kwa hesabu ya milango aliyopiga hodi. Mkaguzi alifuata nyuma, akawauliza baadhi ya akina mama, na mwalimu akalipwa kwa kadiri walivyokumbuka mafunzo.

Hata hivyo, mwanzoni ilionekana kwamba akina mama wanaijua dawa lakini wachache tu wanaitumia. Chama hakikuficha habari hiyo. Kilichunguza, kikaona kwamba hata baadhi ya walimu hawaiamini dawa wanayoifundisha, na wanaume wameachwa nje ya mazungumzo. Basi walimu wakafundishwa upya, na wanaume wakafuatwa misikitini na sokoni. Hapo ndipo dawa ilipoanza kutumika zaidi.

Ndugu zangu, ustadi wa namna hiyo hauletwi na mfadhili ndani ya sanduku. Hujengwa na wenyewe, kwa kukagua kazi, kukubali ukweli na kusahihisha.

Tena BRAC walijenga mfuko wao. Mwaka 1977 walifungua kiwanda cha kupiga chapa, na 1978 maduka ya Aarong, yanayouza kazi za mikono za wanawake wa vijijini. Misaada waliendelea kupokea, ila hawakusimama kwa mguu mmoja. Mwaka 2006 wakaanza kazi hapa Tanzania.

Na sisi je? Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na vyama vingi vya Afrika vikapunguza watu au vikafunga milango. Aliyeumia kwanza ni mgonjwa aliyezoea kupata huduma pale. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi kila kamati ijiulize leo. Fedha za mgeni zikikoma, tutabaki na nini? Katibu akiondoka, nani mwingine anaijua kazi? Mwanachama wa kawaida akitaka kuona hesabu, ataonyeshwa? Ada iwe ndogo, lakini ikusanywe. Vijana wafundishwe kazi. Vitabu vya hesabu viwe wazi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.